Nusura niondoke Haraoka bila kuuona Fuji

Jamani, treni tu kutoka Tokyo mpaka Tomiura, kule mkoa wa Chiba, ilinila zaidi ya yen 2,000 na hapo ni kwenda bila kurudi, tena nimebadilisha treni njiani na upepo wa Disemba nimeukuta stesheni unanisubiri. Yote kwa ajili ya gati la Haraoka, gati la mbao linaloingia baharini, na picha zote nilizoziona zina mlima Fuji nyuma yake.

Nafika, Fuji hakuna. Ng'ambo ya maji kumejaa ukungu mweupe mtupu. Nikasimama weee mpaka vidole vikafa ganzi, nikanunua kahawa ya kopo kwenye mashine (ukibonyeza penye rangi nyekundu linatoka la moto) nikalikumbatia kwa mikono miwili. Na kule jua halingoji saa kumi na mbili kama kwetu, saa kumi na nusu lishazama. Likazama, nikafunga begi nikaanza kuondoka.

Kuna babu mmoja alikuwa na kamera yake kwenye stendi, tangu nifike hajasema neno. Akaninyooshea kiganja, ngoja. Kijapani sikijui, nikangoja tu kwa heshima yake. Taa za gati zikawaka, na nyuma yake mbingu ikageuka rangi ya chungwa, halafu taratibu, pale pale palipokuwa na ukungu, mlima ukatokea mweusi tiii, mita 3,776 zote, kama mtu kaukata kwa mkasi akaubandika. Babu akanitazama, akaitikia kwa kichwa mara moja, akarudi kwenye kamera yake. Watu wengi pale na hakuna aliyepiga kelele, nikasikia maji yanavyogonga nguzo.

Mimi nikaikumbuka Forodhani, ufukweni kwetu Unguja, saa za magharibi vijana wanavyojirusha majini kwa makelele na moshi wa mishikaki unakufuata mpaka kwenye nguo. Hapa hata karanga za kununua sikuona, na njaa ilikuwa inanisokota kwelikweli.

Treni nikaikosa, inayofuata karibu saa zima. Nikampigia mama kutoka stesheni, mimi nimo kwenye giza totoro, na nyuma ya sauti yake Unguja naisikia adhana ya adhuhuri.

"Umeshakula mwanangu?"

Nikamwambia bado, lakini nimeuona.