Mchana Mzima kwa Ukurasa Mmoja

Nilifika saa saba usiku badala ya saa moja jioni. Basi lilikuwa limeharibika njiani, na kiti nilichopewa kilikuwa juu ya tairi, kwa hiyo kila shimo lilinifikia mimi kwanza. Chumba nacho kilikuwa na bei ya hoteli na godoro la bweni. Asubuhi niliingia kwenye warsha ya watunzi wa tamthilia nikiwa nimeshanuna.

Siku ya kwanza na ya tatu zimenitoka kichwani. Iliyobaki ni ya pili, mchana ule tuliokwama kwenye ukurasa wa 37 wa mswada wa kijana mmoja.

Kazi ilikuwa usomaji wa mezani: waigizaji wanne, wahusika tisa, kurasa 84. Mswada ulipigwa chapa kwa mpangilio wa kijukwaa, jina la mhusika katikati, maneno yake chini. Kwa mpangilio huo ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja hivi, lakini makadirio hayo hudanganya pande zote. Ukurasa wa majibizano mafupi hukimbia; ukurasa wenye neno "wanapigana" unaweza kumeza dakika tatu. Meneja wa jukwaa, mama mmoja aliyening'iniza saa ya kupimia muda shingoni, aliandika muda halisi chini ya kila ukurasa.

Tulianza vibaya. Ukurasa wa 6 mwigizaji mmoja aliulizwa swali, akajibu jambo jingine kabisa. Kumbe mezani kulikuwa na rasimu mbili, na mtunzi hakuandika nambari wala tarehe popote. Nusu saa ilikwenda kwa kuchambua karatasi. Kuanzia hapo kila aliyekuwa na mswada begini aliutoa na kuandika chini ya kila ukurasa: rasimu ya ngapi, tarehe gani. Hata mimi.

Msomaji wa maelekezo ya jukwaani alisoma machache tu: nani anaingia, nani anatoka, nani ameshika nini. Yale ya kwenye mabano, "kwa hasira" na "kwa huzuni iliyojificha", aliyaruka yote, na hakuna aliyeyakosa. Waigizaji walikuwa wameshayafuta kwa kalamu. Kama sentensi haina hasira ndani yake, mabano hayataitia.

Kisha tukafika 37. Mama mjane anatoka kuwachotea maji wanawe. Ndugu wawili na dada yao wanabaki na begi la fedha zilizoibwa. Mistari tisa baadaye, mlango wa upande wa pili unafunguliwa na askari anaingia. Mjane na askari, kwa mujibu wa jedwali la mtunzi mwenyewe, ni mwigizaji mmoja.

Meneja akainua saa yake. "Sekunde ishirini na mbili," akasema. "Avue kanga na kilemba, avae buti za kamba na koti la vifungo, azunguke nyuma ya pazia gizani. Nani hapa anaweza?"

Kijana alijibu walivyozoea kujibu vijana wote. "Hilo ni la mwongozaji. Mimi nimeandika."

Mtunzi mmoja mkongwe, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, hakuinua hata macho. "Ni kweli, mwanangu. Mwongozaji atalitatua. Atalitatua kwa kukata maneno yako."

Walifanya hesabu. Wasaidizi wawili wanamsubiri nyuma ya pazia, vifungo vinabadilishwa kwa utepe wa kunata, buti za kamba zinawekewa zipu, suruali ya askari imevaliwa tangu mwanzo chini ya kanga. Hata hivyo, meneja hakukubali chini ya sekunde 40, na kuzunguka nyuma ni 12 nyingine. Pengo: nusu dakika.

Mtu akapendekeza taa zizimwe. Mwalimu akakataa mara moja. Kila giza lina gharama yake: macho yanapumzika, watu wanakohoa, wanaanza kuongea na jirani, na onyesho linalofuata lazima liwashe moto upya kwenye kuni zilizomwagiwa maji. Tamthilia yenye magiza kumi na tano ya sekunde 20 imeitupa dakika tano, tena dakika tano zilizotawanywa pale zinapouma. Mwingine akasema ndugu waongezewe maneno. Kijana akatunga papo hapo: "Kaka, kama unavyojua, baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita." Meza nzima ilicheka. Hakuna kaka asiyejua baba yake alifariki lini, na mtazamaji huligundua mara moja neno linalosemwa kwa ajili yake. Habari ya aina hiyo hupita tu pale mmoja anapoitumia kumuumiza mwenzake.

Kumpa mwigizaji mwingine nafasi ya askari hakukuwezekana, maana watatu waliobaki wote walikuwa jukwaani.

Nilidhani tumefika ukutani. Mwalimu akatukumbusha kwamba tatizo hili lina umri mkubwa kuliko pazia lenyewe. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anaandika kwamba mtunzi Aeschylus aliongeza mwigizaji wa pili na mtunzi Sophocles akaleta wa tatu. Watatu hao walibeba wahusika wote kwa kubadilisha vinyago, na nyimbo za kundi la waimbaji ziliwapa muda wa kufanya hivyo. "Wale walikuwa na wimbo," alisema. "Sisi hapa tuna nini?"

Aliyejibu ni mwigizaji mwenyewe wa mjane, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema lolote lisilokuwa kwenye karatasi. "Nina mdomo. Mnanivisha buti, lakini mdomo wangu uko huru."

Basi askari akaanza kusikika kabla ya kuonekana. Anabisha, anaita jina la mjane, anauliza kama kuna mtu ndani. Mlango ukahamishiwa upande ule ule alikotokea, zile sekunde 12 zikafutika. Pengo lililobaki, sekunde 18, likajazwa na jambo ambalo mswada haukuwa nalo kabisa: watatu waliomo ndani wanapaswa kuamua, bila kutoa sauti, begi lifichwe wapi. Kaka anataka chini ya kiti. Dada analivuta. Mdogo analikalia.

Waliusoma tena. Ukurasa uliokuwa wa kupitia tu, daraja la kumfikisha askari, ukawa wa kwanza kutufanya tuache kugeuza karatasi. Kijana aliandika kwa kasi hadi wino ukamwishia. Kwa maneno yaliyogongana aliweka mkwaju (/), alama ambayo mtunzi Mwingereza Caryl Churchill aliitumia mwaka 1982 katika tamthilia yake Top Girls kuonyesha mahali msemaji wa pili anapoingilia kabla wa kwanza hajamaliza. Inasomeka kwa urahisi kuliko kuandika "wanaongea kwa pamoja", ambayo haimwambii mwigizaji aanzie neno gani.

Jioni meneja alitugawia jedwali lake: wahusika wima, kurasa mlalo, kisanduku cheusi pale mtu anapokuwa jukwaani. Mwenye mstari mrefu mweusi na mistari michache ya kusema ni mtu uliyemsahau, alisema, na mwigizaji wake atajitafutia kazi, mara nyingi kukohoa.

Basi la kurudi lilikuwa bovu zaidi na nauli juu zaidi. Nilifikiria rasimu yangu nyumbani, ile iliyokaa kwenye droo kwa sababu niliamini tatizo lake ni maneno. Nakala ya pili ilikuwa begini. Nikachora jedwali juu ya paja, mistari ikiruka kila tulipokanyaga tuta.

Ukurasa wa 48 nimemleta mzee wa mtaa na kumketisha. Kufika 61 hajasema kitu, hajaguswa, hajatoka. Kurasa kumi na tatu. Nikaandika pembeni, kwa herufi zilizopinda: amekaa hapo akifanya nini?