Siku moja na vijidudu vyangu: zamu ya mchana kwenye mtambo wa maji taka

Saa 12:40 asubuhi. Daladala imenishusha Vingunguti. Kiwanda chetu kinatia rangi vitambaa, na mimi ndiye mwangalizi wa mtambo wa maji taka kule nyuma, ambako wageni hawapelekwi.

Saa 1. Kabla ya kufungua daftari la zamu nachungulia tenki la hewa, yaani lile ambamo maji taka hupulizwa hewa. Tope likiwa la kahawia na linanukia udongo uliolowa mvua, mambo ni shwari. Likiwa jeusi, linanuka yai viza, basi hewa imepungua usiku na hakuna aliyesema. Leo ni kahawia. Nachota lita moja kwenye silinda, naiacha itulie dakika 30. Tope linashuka taratibu hadi kwenye alama ya mililita 250, juu yake maji maangavu. Safi.

Watu hudhani mashine ndizo zinazosafisha. Mashine zinapuliza hewa tu. Wanaokula uchafu ni bakteria waliomo kwenye tope hilo, nao wanataka oksijeni ya kama miligramu 2 kwa lita usiku na mchana, Idi na Krismasi.

Saa 3. Napiga simu chumba cha rangi.

“Shikamoo mama. Leo mnamwaga nini?”

“Marahaba mwanangu. Nyeusi. Saa 4 hivi.”

Simu hiyo ina faida kuliko kifaa chochote nilicho nacho. Maji ya nyeusi huja ya moto, yana chumvi tele na pH (kipimo cha utindikali; 7 ni katikati, juu yake ni ukali kama wa magadi) inagonga 11. Yakiingia kwa mkupuo, vijidudu vinakufa, na kuvikuza upya ni kazi ya wiki kadhaa. Namwomba ayaachie kwa awamu mbili, maana tenki la kusawazisha, linaloshikilia maji yachanganyike kabla ya kwenda kwa vijidudu, limeshajaa nusu.

“Wewe na wadudu wako! Haya, nusu sasa, nusu saa 2 usiku.”

Saa 4:30. Napanga bika sita, vyombo vya kioo vya maabara, mezani, zote na maji yale yale meusi. Kwanza natia tindikali hadi pH ishuke karibu na 7, kwa sababu kwenye 11 shabu, dawa ya kugandisha uchafu, inayeyuka tu na hakuna kinachogandana. Kisha kila bika dozi yake ya shabu. Nakoroga haraka, halafu polepole. Kwenye bika la nne madonge yanaanza kuonekana, yananenepa, yanazama na weusi wake. La sita lina shabu zaidi lakini halijalishinda la nne, kwa hiyo dozi ni ya la nne. Rangi hizi zimetengenezwa zisichuje kwa jua wala sabuni, ndiyo maana bakteria peke yao hawaziwezi.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 8:15. Umeme unakatika. Jenereta inawaka na blowa, zile mashine za kupuliza hewa, zinarudi kabla tope halijalala chini.

Saa 9. Majibu ya maabara. Kikomo cha taifa ni BOD (oksijeni ambayo bakteria huhitaji kuula uchafu uliomo majini) miligramu 30 kwa lita, na COD (oksijeni inayohitajika kuuchoma uchafu huo kwa kemikali) 60. BOD yetu ni 24, ila kipimo chake huchukua siku 5, kwa hiyo ni habari ya maji yaliyokwisha pita mto Msimbazi na kutokea baharini pale daraja la Selander. COD hupatikana siku hiyo hiyo, na ya leo ni 71. Nafunga valvu ya kutolea, nayarudisha maji mwanzo.

Bosi anataka tununue chujio jipya kutoka nje. Hela hiyo ningepewa mimi, ningejenga tenki la pili la kusawazisha, zege tupu, maana kinachotutesa ni kukosa nafasi ya kuyashikilia maji mabaya mpaka yachanganyike.

Saa 1 usiku. Nakabidhi zamu. Kwenye daftari nimeandika: “Nyeusi awamu ya pili saa 2. Pima pH kabla ya kuwasha pampu. Wakikuambia imeshapoa, shika bomba mwenyewe.”