Siku gari lilipoichukua simu ya dada yangu

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nipo jikoni nazungumza na mdogo wangu kwenye simu. Alikuwa ametoka kuchukua majibu ya vipimo, na mimi ndiye mtu wa kwanza aliyempigia. Akafika pale pagumu pa habari yake, sauti ikapotea sikioni mwangu. Nikatazama simu: haijakatika, dakika zinaendelea kuhesabika. Nikaita haloo, haloo. Kisha nikamsikia kwa mbali, analia, na sauti inatoka nje, kwenye spika za gari ambalo mume wangu alikuwa ndiyo kwanza ameliwasha. Watoto wetu wawili wadogo walikuwa wameshakaa kiti cha nyuma na mikanda wamefunga.

Mume wangu alizima gari palepale. Lakini mtoto wetu wa miaka 8 alikuwa ameshasikia vya kutosha. Usiku ule aliniuliza kama mama mdogo atakufa.

Nimekaa na swali lile kwa muda mrefu, na ndilo lililonifanya nijifunze kitu ambacho kwa miaka minne nilikuwa nakitumia bila kukielewa. Sote wanne wenye simu hapa nyumbani, yaani mimi, mume wangu, binti yetu mkubwa aliyepata leseni juzijuzi, na mama mkwe anapokuja, tuliunganisha simu zetu na gari hili kwa Bluetooth, yaani bila waya, mara moja tu, kisha tukaliachia liamue lenyewe.

Kuna mambo mawili ambayo nilikuwa nayachanganya. La kwanza ni kuoanisha, ambalo hufanyika mara moja: simu na redio ya gari hupeana ufunguo wa siri, na kila upande unautunza wake. La pili ni kuunganika, ambako hutokea kila gari linapowashwa. Redio yetu ikipata umeme huanza kutafuta simu iliyotumika mara ya mwisho. Isipoipata, huenda kwa inayofuata kwenye orodha. Haijui nani amekaa kwenye usukani. Inachojua ni kwamba ufunguo ule upo karibu. Na "karibu" kwa Bluetooth ya simu ni kama mita 10, ambazo ukuta huzipunguza lakini hauzimalizi. Kutoka jikoni kwetu hadi gari linapoegeshwa ni hatua saba. Jioni ya Ijumaa mimi ndiye niliyeliendesha, kwa hiyo Jumamosi asubuhi likanitafuta mimi.

Kampuni ya simu ya Ericsson walipoanza kuifanyia kazi teknolojia hii mwaka 1994, nia ilikuwa kuondoa waya kati ya vifaa. Nalifikiria sana jambo hili. Waya ulikuwa na usumbufu wake, lakini ulikuwa unaonekana. Ukiingia garini ukaukuta umechomekwa, unajua ni simu ya nani.

Kama siku ile ningejua jambo moja tu, ningemwokoa mtoto wangu na sentensi mbili tatu za mwisho. Mazungumzo yakihamia garini, kwenye skrini ya simu, palepale penye kitufe cha spika, unaweza kubonyeza ukachagua sauti irudi kwenye simu yenyewe. Ni miguso miwili. Jifunze leo, simu ikiwa imetulia, usisubiri siku ambayo mikono inatetemeka.

Watu wengi walinishauri nizime Bluetooth nikiwa nyumbani. Kwangu haifai, kwa sababu natumia visikizi visivyo na waya karibu siku nzima. Binti yetu alijaribu. Simu yake ni iPhone, na akawa anabonyeza kile kitufe cha haraka kinachoshuka juu ya skrini. Kitufe kile hakizimi Bluetooth. Kinaachanisha tu vifaa hadi kesho yake saa 11 alfajiri, kisha mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Anayetaka kuzima kabisa aingie kwenye mipangilio.

Mimi nilianza kwa njia nyingine. Kwenye simu yangu ya Android, ukifungua jina la gari kwenye orodha ya vifaa, unakuta swichi mbalimbali: ya kupiga na kupokea simu, ya muziki na sauti nyingine, na ya majina yaliyomo kwenye simu. Hizi ni njia tofauti, kila moja inafungwa peke yake. Nikazima ya simu, nikaacha ya muziki, nikaona nimemaliza. Siku ya nne nikafungua ujumbe wa sauti wa WhatsApp, nao ukasikika garini, binti yetu akiwa analirudisha nyuma kutoka uani. Ujumbe wa sauti haupiti njia ya simu, unapita njia ya muziki. Ulikuwa wa kazini na haukuwa na siri, lakini binti alishtuka akakanyaga breki, na hilo peke yake lilitosha.

Tukakaa mezani, mimi na baba watoto, tukaulizana kwa dhati ni simu ya nani iwe ya kwanza. Yeye alidhani ni suala la nani anaendesha zaidi. Mimi nikaona swali ni jingine: ni simu ya nani ambayo haibaki nyumbani wakati gari linaondoka? Ikawa ni ya kwake, maana yeye akiwa nyumbani gari nalo huwa lipo, limezimwa. Kwa hiyo redio yetu tumeiambia simu ya kwanza ni yake, na simu zetu nyingine zisiungane mpaka mwenyewe azichague. Redio nyingine hazina mpangilio huo. Zinakuruhusu tu kuzuia simu zote zisiungane zenyewe, au hazikupi chochote, na hapo inabidi ufunge swichi upande wa simu. Angalia ya kwako.

Mimi au binti tukishika usukani, tunachagua simu gari likiwa bado limesimama. Hilo sitaki mjadala nalo. Kutafuta jina kwenye orodha huku gari linatembea ni kuendesha ukiwa umefumba macho.

Orodha yenyewe ilikuwa vurugu. Mimi na mume wangu tulinunua simu za aina moja, kwa hiyo skrini ilionyesha mistari miwili inayofanana herufi kwa herufi. Nilibadilisha majina kwenye mipangilio ya simu zenyewe: Mama, Baba, Dada, Bibi. Halafu chini ya zetu zikaonekana simu tano ambazo hatuzijui. Gari hili tulilinunua likiwa limetumika, na waliokuwa nalo hawakufuta chochote. Moja iliitwa "Mama" pia. Nilimfikiria mama yule kwa dakika nzima kabla sijafuta, kwa sababu mimi mwenyewe, miaka minne iliyopita, redio iliponiuliza kama naruhusu ichukue majina na simu nilizopigiwa, nilibonyeza ndiyo bila kusoma. Yeyote aliyekaa mbele simu yangu ikiwa imeungana aliweza kuona nani kanipigia na saa ngapi. Redio nyingine hubaki hata na nakala. Siku mtakayouza gari lenu, au kulirudisha kama ni la kukodi, futeni simu zenu zote humo, na kama kuna kitufe cha kurudisha redio ilivyotoka kiwandani, kibonyezeni.

Ukifuta, futa pande zote mbili. Ukifuta garini tu, simu inabaki na ufunguo ambao gari halina tena, kisha vinakataa kuungana na hujui kwa nini. Mama mkwe alihangaika na hilo wiki mbili, hadi tulipolifuta gari kwenye simu yake na kuoanisha upya. Safari hii, swali la majina lilipokuja, tukajibu hapana. La kusoma ujumbe mfupi pia, hapana.

Mwanangu nilimjibu usiku uleule, kadiri nilivyoweza. Mama mdogo ameanza matibabu na anapiga simu mara kwa mara. Jumamosi iliyopita alipiga nikiwa jikoni, na nikasikia gari linawaka nje. Nilisimama nikaishika simu kwa mikono miwili. Sauti yake haikuondoka sikioni. Nje nikamsikia mtoto akisoma skrini kwa sauti, "Ni ya Baba," kisha mlango ukafungwa, na dada yangu akaendelea kunieleza alivyolala.