Sadaka Iliyorudi Nyumbani

Jumapili iliyopita somo lilikuwa Mathayo 5:23-24, pale Yesu anapomwambia mtu aiache sadaka yake madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake. Bahasha nilikuwa nimeishika mkononi. Mistari hiyo naijua tangu utoto, lakini siku hiyo ilinichoma kama mwiba.

Mimi na kaka yangu tulikuwa hatusemeshani tangu 2022. Kisa ni mpaka wa shamba, hatua tatu tu za migomba! Na muda wote huo nimeimba kwaya, nimefunga Kwaresima, zaka sijakosa. Wapendwa, kwenda kanisani ni rahisi. Kutoka kanisani kwenda kwa kaka yako ndiko kugumu, na naamini Ukristo wenyewe uko kwenye njia hiyo.

Sikusubiri ibada iishe. Nilimkuta uani akikata majani ya ng'ombe. Koo limenikauka.

"Shikamoo, kaka."

Panga likasimama hewani. Akanitazama muda mrefu mno.

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

Habari za shamba sikuzigusa. Nilimwomba anisamehe kwa maneno niliyomtolea mbele ya wanawe, maana najua hayo ndiyo yaliyomuuma kuliko ardhi. Hakujibu kitu. Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja, akaniwekea chini ya mparachichi.

Tumekaa pale hadi jioni. Bahasha bado iko ndani ya Biblia yangu, naipeleka Jumapili hii.