Nilivyopata Ua wa Boksiwudi Baada ya Kuua Miche Kumi na Miwili

Miche yangu ya kwanza ya boksiwudi, kichaka cha majani madogo kinachopandwa kuwa uzio, ilikuwa kumi na miwili, na yote niliiua kwa maji. Mtu aliyejitapa kuwa mjuzi wa bustani aliniambia kwamba mmea usiopukutisha majani huwa na kiu mwaka mzima, hivyo nisilale kabla sijaumwagilia. Nikatii. Majani yalipofifia na kugeuka rangi ya shaba nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Nilipong'oa mche mmoja nikakuta mizizi imelainika, ngozi yake ikibanduka vidoleni kama soksi iliyolowa na kuacha uzi mtupu. Boksiwudi, ambayo wataalamu huiita Buxus sempervirens, ikishashika huvumilia ukame kiasi, lakini maji yaliyotuama huiozesha mizizi.

Mara ya pili sikununua kitu. Jirani alikuwa akipogoa ua wake, nikamwomba matawi aliyokuwa akiyatupa, na hapo ndipo ulipoanza ujanja ambao bado najisifia. Nilichagua vijitawi vya mwaka ule, vilivyokwisha kukakamaa upande wa chini huku ncha zikiwa laini, nikavikata kwa urefu wa sentimita 10 hivi, nikaondoa majani ya nusu ya chini, kisha nikavichomeka katika mchanga uliochanganywa na mboji na kuvifunika kwa chupa za plastiki zilizokatwa vitako. Asubuhi nilifungua vizibo ili hewa ipite, jioni nikavifunga. Kwa wiki nane havikufa wala havikukua, hata watu wa nyumbani wakaniuliza kama nimeanza kufuga chupa. Katika wiki ya kumi na moja nilikivuta kimoja polepole kikakataa kutoka, nami nikacheka peke yangu pale kivulini. Kati ya arobaini, vilivyoshika vilikuwa thelathini na ushei.

Nilivihamishia kwenye tuta lililoinuka kidogo, kwa nafasi ya shubiri moja, nikaweka matandazo na kuliweka jembe mbali, kwa kuwa mizizi yake hutambaa juu juu. Anayetaka ua wa haraka atafute mmea mwingine. Wangu huongezeka sentimita 10 hadi 15 kwa mwaka, na mwaka ulio mbaya haufiki hapo.

Kupogoa kulinifundisha adabu pia. Mara ya kwanza nilipogoa jua likiwa la utosi, na majani ya ndani, yaliyozoea kivuli, yakababuka siku chache baadaye. Sasa husubiri siku ya mawingu, hufunga kamba kati ya vigingi viwili, na huacha upande wa chini uwe mpana kuliko wa juu ili mwanga ufike hadi shinani. Vipande vyote huvizoa, kwa sababu majani yake ni sumu kwa mifugo.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyenidokeza. Siku za joto bustani ilinuka mkojo wa paka, nami kwa wiki mbili nikamshutumu paka wa jirani, yule yule aliyenipa matawi. Alinisikiliza hadi mwisho, akachuma jani moja la boksiwudi uani kwangu, akalifikicha na kunisogezea puani.