Gitaa la Kijapani la mtumba: lijue kwanza, ndipo ununue vipuri

Magitaa mengi ya umeme yaliyotengenezwa Japani miaka ya 1970 na 1980 yana mbao nzuri na vyuma vilivyochoka. Vyuma vinabadilishika. Shingo iliyopinda kama upanga, au iliyojisokota, haina dawa ya bei nafuu, kwa hiyo ukilikuta gitaa Kariakoo au kwa mtu anayeuza la kwake huko Sinza, jina la kichwani lisikushughulishe mwanzoni. Jina hubandikwa. Bana uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, halafu tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Ikiwa karibu milimita 0.2 hadi 0.3, shingo iko sawa. Ikizidi hapo, muuzaji akuonyeshe kama nati ya chuma cha ndani ya shingo, kile kinachoinyoosha, inazunguka. Kwa magitaa ya kampuni ya Ibanez unahitaji spana ya bomba ya milimita 7. Zungusha robo tu, kisha upime tena. Nati iliyoganda kwa kutu ni sababu tosha ya kuliacha.

Sasa namba ya utambulisho ya gitaa. Ibanez ya Japani ya kuanzia 1975 hadi katikati ya miaka ya 1980 ina herufi moja na tarakimu sita. Herufi ni mwezi, A ni Januari na L ni Desemba. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. D831204 ni ya Aprili 1983. Kuanzia 1987 utaona F mwanzoni, ya kiwanda cha FujiGen kilichoko Matsumoto, na tarakimu inayoifuata ni mwaka: F9 ni 1989. Hapa wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu I ya zamani ni Septemba, lakini I yenye tarakimu tisa nyuma yake ni gitaa la Indonesia la miaka ya karibuni. Hesabu tarakimu.

Fender ya Japani ilianza 1982. Za mwanzo kabisa zina JV mwanzoni mwa namba, zikafuatiwa na SQ, na herufi hizo ziko pia kwenye Squier, jina la bei nafuu la Fender. Herufi E peke yake haithibitishi kitu, maana Marekani nayo ilitumia E miaka hiyohiyo. Tafuta maneno "Made in Japan". Kwa yaliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mara nyingi utasoma "Crafted in Japan". Muuzaji akikubali, legeza nyuzi, fungua skrubu nne za nyuma na uiondoe shingo. Mihuri na maandishi ya penseli kwenye kisigino chake ni vigumu kughushi kuliko stika ya kichwani.

Ukishalichukua, pima kabla ya kuagiza chochote. Vipuri vingi vinavyouzwa mtandaoni vimetengenezwa kwa inchi za Kimarekani, na gitaa lako ni la milimita. Potenshometa (kidhibiti cha kuzungusha cha sauti) ya Kijapani hukaa kwenye tundu la milimita 7 au 8; ya Kimarekani inataka karibu 9.5. Ukilipanua tundu kwa drili, rangi ya poliesta hupasuka kama kioo. Kama ni lazima, bandika utepe wa karatasi juu yake na upanue kwa mkono, taratibu, kwa kifaa cha kupanulia chenye umbo la pia. Lakini kwa nini ujisumbue? Maduka ya vipuri vya redio Kariakoo huuza potenshometa za milimita. Chukua A250K kwa pikapu (vipokezi vya sauti ya nyuzi vilivyo chini yake) za koili moja, A500K kwa za koili mbili. A ndiyo inayofaa kwa voliyumu. Ukiweka B, sauti itakaa palepale kisha izame ghafla ukifika mwisho. Hata vifuniko vya kuzungushia havilingani: mhimili wa Kijapani una meno 18, wa Kimarekani 24, na ukilazimisha unavunja mhimili.

Daraja la tremolo, lile lenye mkono wa kutikisa sauti, ndilo linalowaumiza wengi. Kati ya skrubu zinazolifunga mwilini, pima kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya sita. La Kimarekani la zamani ni kama milimita 56. Kwa ya Kijapani unaweza kukuta 52.5. Ukiagiza bila kupima, utaishia kuziba matundu na kutoboa upya. Kwa hewa ya chumvi ya Dar, skrubu ndogo za daraja huwa zimeganda: ziloweke kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, na utumie alenki ya milimita 1.5, si ile ya inchi inayokaribiana nayo, la sivyo utaila skrubu.

Kinacholeta tofauti kubwa kwa pesa ndogo ni kile kipande cha kichwani ambamo nyuzi hupita. Cha plastiki kilicholika ndicho kinachofanya gitaa litoke kwenye tyuni kila unapovuta uzi, na watu hulaumu funguo za kukazia nyuzi bure. Mfupa wa muundi wa ng'ombe unapatikana bucha yoyote. Uchemshe, ondoa mafuta yote, uanike ukauke kabisa, kisha kata na kupiga msasa hadi ukae bila kucheza. Kabla ya kung'oa cha zamani, kata vanishi kandokando yake kwa kisu kikali, halafu gonga pole kwa kipande cha mbao. Mikato ya kupitishia nyuzi ichongwe kwa vile vyuma vyembamba vya kusafishia ncha za gesi wanavyotumia wachomeleaji; vina saizi nyingi na ni nafuu. Uchonge kidogo kidogo, huku ukibana uzi kwenye freti ya tatu: juu ya freti ya kwanza ibaki nafasi ya unywele tu. Ukipitiliza, uzi utalia "zzz" ukipigwa wazi, na kazi inaanza upya.

Pikapu ziwe za mwisho. Nyingi za Kijapani za miaka hiyo ni nzuri, na kinachosikika kibovu ni jeki au swichi yenye kutu. Chomeka waya wa gitaa, fungua voliyumu yote, na uweke mita ya umeme, ikipima omu, kwenye ncha na mwili wa plagi. Pikapu nzima ya koili moja husoma karibu kilo-omu 5 hadi 7, ya koili mbili 7 hadi 9 au zaidi. Mita ikisoma karibu 250 au 500, unasoma potenshometa: koili imekatika, au waya wake umeachia mahali. Chunguza kwanza sehemu zilizounganishwa kwa risasi ya kuchomelea. Na ukibadilisha pikapu moja, halafu mbili zikiwashwa pamoja zikatoa sauti nyembamba isiyo na besi, geuza waya mbili za hiyo mpya; ila kama ina mfuniko wa chuma uliounganishwa na waya mmojawapo, tenganisha mfuniko kwanza na uupeleke ethi kwa waya wake.