Popo Haruki kwa Kubahatisha

Neno la juma: "Maana twaenenda kwa imani, si kwa kuona" (2 Wakorintho 5:7).

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mstari huu umebebeshwa mizigo isiyo yake. Mtu anakopa bila kupiga hesabu, akiulizwa anajibu, "Naenda kwa imani." Mwingine anaacha dawa, anajibu vilevile. Juma hili tumtazame popo, aliyetajwa mwisho kabisa katika orodha ya Walawi 11:19. Yeye huenda gizani usiku kucha, wala habahatishi hata kidogo.

Kwanza tuondoe kosa la kawaida: popo si kipofu. Aina zote zina macho yanayoona. Popo mkubwa wa Pemba, yule wa hifadhi ya Kidike, hutafuta matunda kwa macho na pua, wala hatumii mwangwi. Popo wa matunda wanaolala katika mapango ya pwani ya Kenya wana macho makubwa pia, ila kwa kuwa pangoni hamna mwanga, hugonga ulimi kinywani, ta-ta, ta-ta, na kufuata mwangwi wa mlio huo. Wale wadogo wanaokula wadudu ndio mabingwa, na hao hutoa mlio kooni.

Aliyeanza kulichunguza jambo hili kwa makini alikuwa padri wa Italia, Lazzaro Spallanzani, mwaka 1793. Aliona kwamba mshumaa ukizimika bundi hujigonga, popo hajigongi. Akawapofusha popo kadhaa (ukatili, ndiyo, tusiupambe) akawaachia. Baadaye alipowakamata tena katika mnara wa kengele wa kanisa, matumbo yao yalikuwa yamejaa wadudu kama ya wenzao wenye macho. Kisha Louis Jurine wa Geneva akawaziba masikio. Hapo ndipo walipogonga kila kitu. Wasomi wakacheka: kama popo huona kwa masikio, je, husikia kwa macho? Kicheko hicho kilidumu zaidi ya miaka 100, kwa sababu mlio wenyewe hakuna aliyeweza kuusikia. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na milio mingi ya popo iko juu ya hapo. Mwaka 1938, huko Harvard, chuo kikuu cha Marekani, mwanafunzi Donald Griffin aliwapeleka popo mbele ya chombo cha kunasa sauti za namna hiyo, na pale palipodhaniwa kuwa kimya kumbe palikuwa na kelele tupu. Karibu na kinywa cha popo, mlio unaweza kuzidi desibeli 110.

Sasa ona anavyofanya kazi. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Kitu kikiwa umbali wa mita 1, mwangwi hurudi baada ya milisekunde 6 hivi. Popo akiendelea kupiga kelele muda huo, sauti yake mwenyewe itaufunika mwangwi. Kwa hiyo hulia kifupi, hunyamaza, husikiliza. Si hilo tu: kama sehemu moja ya mia ya sekunde kabla hajalia, misuli midogo ndani ya sikio lake hukaza ili asijizibe masikio kwa ukali wa sauti yake, akishalia, misuli hulegea upesi, sikio likawa tayari kupokea. Akiwa anatafuta tu, hulia kama mara 10 kwa sekunde. Akimnusa nondo kwa sikio, tuseme hivyo, milio huongezeka na kufupika, hadi karibu 200 kwa sekunde anapomfikia. Waswahili husema kuuliza si ujinga; popo kadiri anavyokaribia ndivyo anavyozidi kuuliza. Sisi kwa kawaida hugeuza: tukiona jibu liko karibu, tunaacha kusali.

Popo wa jamii ya pua-kwato, ambao pia wapo Afrika Mashariki, wana ustadi wa ajabu zaidi. Hulia kwa puani, sauti moja iliyonyooka, na sikio lao limelengwa kusikia kimo kimoja kwa ukali kuliko vingine vyote. Lakini anaporuka kwenda mbele, mwangwi hurudi ukiwa umepanda, kama honi ya bodaboda inayokujia inavyosikika nyembamba kuliko ikishakupita. Afanyeje? Hushusha sauti yake mwenyewe kwa kiasi kilekile, ili jibu lifike pale sikio linapoweza kulipokea. Hasubiri jibu limfuate alipo. Anayejirekebisha ni yeye.

Hata hivyo hukosea, na makosa yake yana sababu. Kioo au ukuta laini uliosimama wima huurusha mlio pembeni, kama mpira unaogonga sakafu kwa mshazari. Hakuna kinachorudi, naye huona njia nyeupe, akajigonga. Ubao laini uliolala chini humdanganya kuwa ni maji, akashuka kunywa. (Akiingia nyumbani kwenu, fungueni madirisha, zimeni taa, mtokeni chumbani. Msimshike kwa mikono mitupu, maana popo huweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa.)

Kosa la pili ndilo linalotuhusu zaidi. Popo walioizoea njia yao wakiwekewa kizuizi kipya katikati, huweza kukigonga waziwazi. Hawakuwa kimya. Walikuwa wakilia kama kila siku, na mwangwi wa kizuizi ulikuwa ukirudi masikioni. Walikuwa wakiruka kwa kumbukumbu ya jana.

Basi juma hili, tukisali Baba Yetu, tusiikimbize. Tukifika "Mapenzi yako yatimizwe," tusimame hapo kwa pumzi tatu bila neno, ndipo tuendelee na mkate.